Ombi la Kuhesabiwa Wavulana Watatu na Nusu

Jomvu Kuu,
Jumapili, mwezi wa Maulidi, 1961

Mheshimiwa Bwana Mudiri,

Baada ya salamu, na baada ya kukuombea afya wewe na jamaa zako wote, ni wajibu wangu mzito kukuarifu kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, kamba ya mbuzi wangu ilikatika.

Najua mezani kwako kuna mambo makubwa kuliko kamba. Siku hizi kila baraza ni habari za Mwambao, kama tubaki na Sultani au tuungane na bara, na bendera gani ipepee wapi. Mimi katika hayo sina neno. Ila kamba hii ni ya tano kukatika, na mbuzi ni yule yule, na mbuzi huyo ndiye chanzo cha ombi langu. Nitalieleza kwa utaratibu na kwa nambari, kama nilivyoona barua za serikali zinavyoandikwa.

Naitwa Jaffar bin Mbwana, mwenyeji wa Jomvu Kuu kwa baba na babu. Nina minazi ishirini na nne na kijishamba cha muhogo. Skuli sikwenda. Kusoma nilijifunza kwa karatasi za magazeti alizokuwa akifungia sukari mwenye duka wetu. Kwa hiyo najua habari nyingi za dunia, lakini kila moja naijua nusu, maana nusu ya pili ilifungia sukari ya mtu mwingine. Uniwie radhi kama barua hii nayo itaonekana imechanika mahali.

Nina mke mmoja, Mwanasaumu binti Rashid, na watoto saba: Tima, Mwanatumu, Johari, Batuli, Zuhura, Subira na Salama. Ukiyasoma majina hayo utaona kuwa wote ni mabinti. Ukiyasoma tena polepole utaona jinsi hali ya nyumba ilivyokuwa ikibadilika. Wa sita tulimwita Subira. Wa saba tulimwita Salama, kwa sababu nitakayoieleza katika lalamiko la tano, ambalo sikupenda kuliandika lakini bila hilo mengine hayana maana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mbuzi. Kama ujuavyo, mtoto akizaliwa huchinjiwa akika, mvulana mbuzi wawili, msichana mmoja. Mwaka wa 1951, Mwanasaumu alipokuwa na mimba yake ya kwanza, walinunuliwa mbuzi wawili mapema, dume na jike, ili siku ikifika watu wasihangaike. Akazaliwa Tima. Yule dume akachinjwa, majirani wakala, wakaomba dua, wakanawa mikono wakaenda zao. Yule jike akabaki bandani, akimngoja mvulana.

Jina hakupewa. Mtaa mzima ukamwita Wa Pili. Na Wa Pili hakukaa bure. Alijuana na beberu wa jirani yangu Matano, akazaa dume. Dume huyo akaliwa siku ya Mwanatumu. Akazaa tena, dume, akaliwa siku ya Johari. Bwana Mudiri, sikufichi: mbuzi huyu amezaa mara tisa, na mara zote tisa madume. Hajazaa jike hata kwa bahati mbaya. Kila mmoja wa binti zangu amekunywa maziwa yake, na kila mmoja baada ya Tima amechinjiwa mwanawe, na yeye mwenyewe yupo, ndevu zimemuota, angali anangoja.

Matano hupita uani kwangu asubuhi akienda kazini. Husimama. Humtazama mbuzi, hunitazama mimi, kisha husema, "Jaffar, wavulana wa nyumba hii wanakuja, ila wanakosea mlango."

Huu ni mwaka wa kumi natafuta jibu.

2. Baraza. Mwaka juzi alikuja mgeni kutoka Bofu, mtu wa heshima zake, akakaa nasi kungoja magharibi. Akauliza, kama watu waulizavyo, nina watoto wangapi. Kabla sijafungua kinywa alinijibia ami yangu, Ami Khamis, ndugu wa baba yangu, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu amwombeaye mgonjwa: "Huyu bado hajapata. Ana mabinti."

Saba sasa, Bwana Mudiri. Hawajapatikana, lakini wanakula wali kama waliopatikana.

3. Vigelegele. Kwetu vigelegele vya mvulana husikika hata ng'ambo ya maji, na vya msichana huishia kizingitini. Mkunga wetu Bi Mwanarehema ni mwanamke wa haki, na kwa Tima alijitahidi, alivipiga mpaka kuku wakaruka. Kwa Johari alipiga kimoja. Kwa Batuli alikohoa. Alipozaliwa Subira alitoka chumbani, akajifuta mikono, akaniuliza kama nimeshaswali.

Hapa niongeze habari ya mamangu, Bi Mwanatatu. Yeye hajawahi kusema neno, hata moja. Lakini mimi ni mwanawe, namjua. Kila akizaliwa msichana humpokea, humpakata, humtazama usoni, kisha huvuta pumzi. Pumzi ile naielewa vizuri. Ni pumzi ya mtu anayeuliza mvulana yuko wapi.

4. Madaktari wasio na cheti. Hakuna mtu Jomvu asiyejua dawa ya kupata mvulana, hata wale ambao wao wenyewe hawana. Tumeambiwa mke asile papai. Tumeambiwa ale papai lakini asile mbegu. Kitanda chetu kimegeuzwa pande zote nne, na sasa hakuna ukuta ambao hakijausogelea. Kwa mimba ya tano ikaletwa leso ya bibi mmoja wa Mkomani aliyezaa wavulana sita mfululizo, ivaliwe siku arubaini. Mwanasaumu akaivaa. Akazaliwa Zuhura. Yule bibi alituma mtu siku ya pili yake kuichukua leso yake, tena mtu mwenye haraka, kwa kuwa bintiye alikuwa na mimba changa na hakutaka bahati zichanganyike.

Mwanasaumu haya yote aliyachukua kwa mzaha. Wakati mwingine akienda kumpa Wa Pili maganda ya muhogo humwita mke mwenzake. Aliniambia siku moja, "Wewe bwana una wake wawili. Mimi nazaa unawachinjia mbuzi, yeye anazaa unawachinja." Nilicheka. Baadaye nikaona halikuwa jambo la kucheka sana.

5. Salama. Mwaka jana, mimba ya saba. Uchungu ulianza Jumanne, na Alhamisi ulikuwa haujaisha. Bi Mwanarehema alitoka chumbani, na safari hii hakuuliza habari ya sala. Tulimbeba Mwanasaumu juu ya kitanda cha kamba, watu wanne, mpaka barabarani, tukampakia katika lori la nazi, nami nikakaa juu ya nazi nimemshika kichwa. Sitaeleza zaidi. Nina kalamu moja tu na nataka nimalize barua.

Hospitali walimwokoa yeye, wakamwokoa na mtoto. Muuguzi mmoja mtu mzima, mwanamke wa bara, jina lake Nduku, aliniita kando ya mlango. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilinitosha. "Bwana, huyu mama amerudi kutoka mbali," alisema. "Usimtume tena."

Nilipotoka nje nikamkuta Ami Khamis amefika, amesimama getini, kofia mkononi. Akaniuliza, "Nini?" Nikamwambia mzima. Akasema anauliza mtoto. Nikasema mtoto naye mzima, msichana. Akanipigapiga begani. "Pole. Wa nane, inshallah."

Ndiyo sababu ya jina Salama.

6. Kikao. Mwezi uliopita Ami Khamis aliita kikao cha ukoo nyumbani kwangu, akanywa kahawa yangu, akanipa njia mbili. Ama nijaribu wa nane, ama nioe mke wa pili, na mwezi wa Maulidi usiishe sijaamua. Sababu aliyoitaja ni kwamba mtu asiye na mwana wa kiume mali yake hupotea.

Nilikwenda kwa Mwalimu Khatibu wa chuo cha Kurani nikamwomba anihesabie mali yangu itakavyopotea. Alinipigia hesabu kwa kokwa za tende. Nikifa leo, katika minazi yangu ishirini na nne, mabinti watapata kumi na sita wagawane, mamangu minne, mke wangu mitatu. Umebaki mmoja. Nikauliza ni wa nani. Mwalimu akasema huo ni wa Ami Khamis, kwa kuwa hakuna mwana wa kiume.

Nilifurahi sana, Bwana Mudiri. Hapo ndipo nilipojua ami yangu ananipenda kwa dhati. Mtu anayekuhimiza uzae mvulana atakayempokonya mnazi wake mwenyewe, huyo hana hila hata kidogo.

7. Wavulana wa Ami Khamis. Ami anao watano. Nimewataja kwa heshima, ni ndugu zangu. Wote wameoa, na kama ilivyo ada yetu wote wamekwenda kukaa katika nyumba za wake zao. Wawili wako Likoni, wawili Kisauni, mmoja sijui, yeye mwenyewe nadhani hajui. Ami na mkewe wamebaki peke yao na vitanda vitano. Kila Ijumaa baada ya sala huja kwangu kula. Tima anampikia, Mwanatumu anamnawisha, Johari anamkunia nazi, na Batuli anamtolea miba ya samaki kwa sababu macho ya ami hayaoni tena vizuri. Akishiba hujifuta, hututazama sote tulivyojaa ukumbini, na kunionea huruma.

Nami nimefanya hesabu nyingine. Binti zangu wakiolewa, waume watakuja hapa. Saba. Na mwenye wavulana watano sasa hana wa kumletea maji. Niliyasema haya kikaoni, lakini nadhani niliyasema kwa sauti ndogo.

8. Hoja yangu kuu. Kikaoni niliona maneno ya kawaida hayatasaidia, nikaamua kutumia hesabu yao wenyewe. Nikawauliza: mvulana ni mbuzi wangapi? Wakasema wawili. Msichana? Mmoja. Basi, nikasema, wasichana wawili ni mvulana mmoja. Wasichana sita ni wavulana watatu. Mimi nina saba. Kwa hiyo mimi ni baba wa wavulana watatu na nusu, na mtu wa wavulana watatu na nusu hadaiwi mtoto na mtu yeyote.

Mwalimu Khatibu alitabasamu, akasema taratibu kwamba mbuzi ni shukrani, hawakuletwa kuwa vibaba vya kupimia watoto, na kwamba mwenye kupewa mabinti akawalea vizuri amepewa kinga siku ya mwisho. Watu wote wakasema amin. Hakuna aliyebadilisha mawazo.

Ami Khamis si mjinga. Alihesabu kwa vidole chini ya kanzu, kisha akasema, "Sawa, mwanangu, nimekubali. Watatu na nusu. Basi ikamilishe hiyo nusu."

Wallahi sikuwa nimeiona hatari hiyo. Ushahidi nilioupeleka kujitetea umegeuka kunifunga.

Kwa sababu hizo zote, naomba ofisi yako iniandikie karatasi moja, yenye muhuri ulio wazi, nitakayoisoma kikaoni kabla ya mwezi kwisha, itamke mambo yafuatayo:

(a) Kwamba Jaffar bin Mbwana atambuliwe kuwa na wavulana watatu na nusu.

(b) Kwamba nusu hiyo ihesabiwe nzima. Hili si geni. Nusu mkate dukani huitwa mkate. Nusu ya mwezi ukiiona angani unasema mwezi umetoka. Tima peke yake, akishika jembe, ni mvulana mmoja na robo. Hiyo robo naitoa bure ikazibe pengo.

(c) Kwamba kama (b) haiwezekani, Ami Khamis anikopeshe nusu ya mmoja wa wanawe. Namwomba yule asiyejulikana aliko, maana nusu yake tayari haipo, wala hatatuongezea gharama ya chakula.

(d) Kwamba mtu yeyote atakayesema "wa nane, inshallah" mlangoni kwangu, kwanza apande lori la nazi kutoka Jomvu mpaka hospitali, amshike kichwa mke wake mwenyewe, kisha arudi aseme tena. Akirudi na bado ana hamu ya kulisema, sitamzuia.

(e) Kwamba mbuzi aitwaye Wa Pili astaafishwe kwa heshima, kama wanavyostaafishwa makarani, kwa kuwa ametumikia miaka kumi katika kazi moja, naye hakuambiwa hata siku moja kazi yenyewe ni ipi.

Bwana Mudiri, sitaki shamba la mtu wala cheo. Haja yangu ni hiyo karatasi tu. Ninaye mke mmoja, naye amerudi kutoka mbali. Nataka nikiulizwa na ukoo mzima kwa nini simtumi tena, nisiwe nimesimama na maneno yangu matupu, maana maneno yangu nimeshayajaribu.

Nawasalimu wote walio ofisini kwako, tarishi mlangoni, na yeyote atakayepewa barua hii aisome kwanza. Mamangu Bi Mwanatatu anakusalimu. Mwanasaumu anakusalimu. Watatu na nusu wanakwambia shikamoo.

Ni mimi, nikingoja muhuri wako kama mbuzi wangu anavyomngoja mvulana,

Jaffar bin Mbwana

Nyongeza, Ijumaa. Barua hii niliianza Jumapili, na kwa kuwa imewataja watu wa nyumbani niliona adabu niwasomee kabla ya kuifunga. Leo baada ya chakula nikaisoma yote ukumbini.

Ami Khamis alisikiliza huku Batuli akimtolea miba. Nilipofika mwisho alistaajabu. Akasema habari ya mwezi wa Maulidi alikuwa ameshaisahau. Yeye alidhani mimi ndiye ninayetaka mvulana, naye kama mzee wangu alikuwa akinitia moyo. "Kila nikija hapa," alisema, "nakukuta umemkazia macho yule mbuzi."

Nikamgeukia mamangu, nikamwambia basi na pumzi zake je. Mamangu akasema alikuwa akivuta pumzi kwa kuwa mtoto amefika na mama yake yu hai, kwani kuna pumzi gani nyingine. Kisha akaniambia nirudi mwanzo nisome tena lile lalamiko la kwanza. Nikalisoma. Akasema, "Hapo ulipoandika mbuzi walinunuliwa. Mwaka ule mimi nilikwambia nunua mmoja, ungoje atakachotoa Mungu. Wa pili alinunua nani?"

Nilimnunua mimi.

Mwanasaumu alikuwa uani wakati huo na hakuja ukumbini. Kuna jambo moja sikuliandika hapo juu. Jumamosi, siku moja baada ya kamba kukatika, nilikwenda kununua kamba mpya, nzuri, ya makumbi, ndefu kuliko zote tano. Leo nilipotoka kuitafuta nimekuta ameifunga toka nguzo ya banda mpaka mpapai, ameanika nguo. Mbuzi hajafungwa wiki nzima sasa, wala hajaenda popote.

Kamba imetosha nguo za watoto wote saba.